Dondoo muhimu: Mwigizaji chipukizi, usingoje tuzo ndipo ushangilie

Kabla ya kushinda Oscar mwaka 2014, mwigizaji Lupita Nyong'o alikuwa msaidizi nyuma ya kamera kwenye The Constant Gardener, filamu iliyopigwa Kenya, kisha akaigiza katika tamthilia ya Shuga. Safari hujengwa hivyo.

• Shangilia kilicho mikononi mwako. Nani apewe nafasi huamuliwa na mwongozaji, bajeti, hata urefu wako ukisimama na mhusika mkuu. Kufika kwenye usaili kwa wakati, mistari ikiwa kichwani, ni kazi yako wewe. Ukiitwa mara ya pili, hiyo ni hatua hata usipochaguliwa: kuna aliyeona kitu.

• Weka daftari. Tarehe, jina la kazi, mwongozaji, ulichojifunza. Siku ukiombwa wasifu utanakili humo.

• Sherehe ilingane na mfuko. Chipsi mayai na rafiki aliyekusomea mistari ya mhusika mwingine hadi usiku inatosha, tena yeye ndiye anayestahili kuliko wale watakaojitokeza ukianza kuonekana kwenye runinga. Malipo ya kwanza yakiingia, tenga kwanza nauli ya usaili ujao.

• Usiposti mapema. Picha ya lokesheni bila ruhusa ya mtayarishaji inaweza kukukosesha kazi. Mpigie mama simu. Yeye hahitaji picha.

Na ukipewa sentensi moja tu, ifurahie leo, kesho uwahi mazoezini.