ELIMU KWA WAFANYAKAZI: Mashine Hutii Neno la Mwisho

Ndugu wafanyakazi, kompyuta ndogo inayoongoza mashine kiwandani hufanya kazi kwa mzunguko. Kwanza husoma hali ya vitufe na swichi zote. Pili hupitia programu ya ngazi, kipago kwa kipago, toka juu hadi chini. Tatu hutuma amri zote pamoja kwenye mota na vali.

Kwa hiyo, kwa kawaida, kipago cha juu kikiwasha mota na cha chini kikiizima, mota haiwaki kabisa: hutumwa neno la mwisho tu.

Je, programu ikikwama? Kitufe cha hatari kisitegemee programu ya kawaida. Kikate umeme wa mota kwa waya wake chenyewe. Muulizeni fundi. Kisipokata, msianze zamu. Mwiteni mjumbe wa chama.