Kinga ya mwili inapomgeukia mwenyewe

SWALI: Daktari, dada yangu ana miaka 27, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mwaka mzima amekuwa akiumwa viungo, homa zinakuja na kuondoka, nywele zinakatika na mdomoni anatoka vidonda. Ametibiwa malaria na taifodi mara kadhaa bila kupona. Sasa hospitalini wamesema ana lupasi, wakampa dawa za kushusha kinga ya mwili. Tumeshangaa: mgonjwa anashushwaje kinga? Mama anataka aache vidonge atumie unga wa mitishamba wa kuongeza kinga. Tufuate lipi?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Mshangao wenu una sababu. Wengi wetu neno kinga tulilizoea kupitia UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, na tangu hapo tumeshika hesabu moja: kinga ikipungua ni ugonjwa, ikiongezeka ni afya. Kwa dada yako hesabu hiyo haifai. Tatizo lake ni kwamba kinga inampiga mwenyewe.

Fikirieni sungusungu wa kijiji. Rungu kila mtu anaweza kulishika. Kazi ngumu ni kumtambua mwenyeji gizani. Ndiyo kazi ya chembe nyeupe za damu. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, na kundi mojawapo, seli T, hupelekwa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Humo hujaribiwa, na nyingi ya zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huuawa kabla hazijatoka. Chache hupenya, na kwa ajili hiyo mwili una seli nyingine za kuzituliza. Kwa ugunduzi kuhusu seli hizo za kutuliza, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani na Shimon Sakaguchi wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Katika lupasi utaratibu huo umevurugika. Mwili hutengeneza kingamwili, yaani silaha za kinga, dhidi ya vitu vilivyomo ndani ya seli zake wenyewe. Kingamwili zikishikana na vitu hivyo, hubebwa na damu na kunasa kwenye ngozi, viungo na figo, na pale zinaponasa panavimba na kuumia. Ndiyo maana dalili zinatawanyika, na ndiyo maana ni rahisi kudhani ni malaria leo na taifodi mwezi ujao. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Urithi unachangia, homoni zinachangia, jua kali linauchochea. Hauambukizi, na dada yako hajarogwa.

Tuje kwenye vidonge. Wagonjwa wengi wa lupasi hupewa haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyoinywa zamani kwa malaria. Haizimi kinga, huituliza, na huchukua wiki nyingi kabla nafuu haijaonekana. Msikate tamaa mapema. Kwa kuwa dawa hiyo huweza kuathiri macho, yapimwe kama daktari atakavyopanga.

Kama amepewa pia prednisoloni, asiiache ghafla hata siku moja. Mtu akiinywa kwa muda, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni ya aina hiyo. Akikatiza kwa mkupuo, nguvu zinaweza kumwishia, presha ikashuka, hata akapoteza maisha. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari.

Na ule unga? Kumwongezea kinga mtu wa namna hii ni kuwagawia marungu zaidi sungusungu waliokwisha kumvamia mwenye nyumba. Isitoshe, mara nyingi hamjui kilichomo ndani yake, na mitishamba mingine huumiza figo, kiungo ambacho lupasi inakiandama sana.

Figo huharibika bila maumivu. Kwa hiyo mwambie dada aangalie mkojo wake: ukiwa na povu linalokaa kama la sabuni, au miguu ikivimba na uso kujaa anapoamka, awahi hospitali. Hata kama haoni kitu, mkojo na presha vipimwe kila kliniki. Homa nayo isisubiri kesho, maana dawa za kushusha kinga, kama prednisoloni, humfanya apate maambukizi kwa urahisi.

Mafundi wengi hushonea barazani, jua likiwapiga nusu ya siku. Ahamishie cherehani kivulini, avae mikono mirefu na mtandio au kofia pana. Akitaka mtoto, azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba. Wengi wenye lupasi huzaa salama mimba ikipangwa wakati ugonjwa umetulia.

Lupasi haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini wengi wanaotunza dozi na tarehe za kliniki wanafanya kazi na kulea watoto. Msimgombeze mama, anatafuta uzima wa mwanawe kwa njia anayoijua. Kliniki ijayo mwende naye, abebe na ule unga, aulize mwenyewe. Hadi siku hiyo, dada aendelee kumeza vidonge vyake.