Kiduka cha Katuni za Kijapani

Likizo iliyopita nilitoka kwetu Gikundamvura kwenda kumwamkia mjomba Nairobi. Mjini nikaona kiduka chembamba, watu wawili hawapishani, kimejaa midoli, beji na fulana za anime, yaani katuni za Kijapani. Nikacheka: watu wazima wananunua midoli!

Mwenye duka akanifunza. Tarehe 1 Januari 1963, Tezuka Osamu alianza kuonyesha katika televisheni "Tetsuwan Atomu", hadithi ya mtoto-roboti. Kila kipindi alikiuza kwa bei isiyofikia gharama ya kukichora. Pengo likazibwa na vitu vyenye sura ya mtoto yule. Kumbe midoli ndiyo iliyowalisha wachoraji!

Mfukoni nilikuwa na nauli ya matatu tu. Nikaitoa kwa beji moja, nikarudi kwa mjomba kwa miguu.