Chuma cha Mshazari na Tetemeko la Ardhi

Kimamba, katika Wilaya ya Kilosa, ni mji mdogo wa Reli ya Kati uliojulikana kwa kilimo cha mkonge. Uzi wa katani, utokanao na mkonge, waweza kumfundisha mwanafunzi jinsi jengo linavyokabili tetemeko la ardhi.

Jaribio. Vipande vinne vya ubao huunganishwa kuwa mstatili, kwa msumari mmoja kila pembe. Mstatili huo ukisukumwa ubavuni hulala. Uzi ukikazwa toka pembe moja hadi pembe ya mkabala, hupatikana pembetatu mbili, na mstatili hausogei tena. Lakini ukisukumwa kutoka upande wa pili, uzi hulegea na mstatili hulala. Uzi wa pili, ukikingamana na wa kwanza, huondoa dosari hiyo.

Maelezo. Katika fremu ya chuma, kazi ya nyuzi hizo hufanywa na vyuma vya mshazari. Tetemeko hubadili mwelekeo wa nguvu mara nyingi. Hivyo kila chuma huvutwa na kugandamizwa kwa zamu. Kikivutwa kupita kiasi, chuma hurefuka kabla ya kukatika, na kurefuka huko humeza nishati ya mtikisiko. Kikigandamizwa, chuma chembamba hupinda mapema, mithili ya uzi unaolegea. Kikipinda na kunyooshwa mara nyingi, hupasuka.

Uwezo wa chuma chembamba kuhimili mgandamizo huongezeka mara nne urefu wake ukipunguzwa nusu. Ndiyo sababu vyuma viwili vinavyokingamana hufungwa pamoja vinapokutana. Huko Japani wahandisi walibuni njia nyingine: chuma huwekwa ndani ya bomba lililojazwa saruji, bila kushikamana nayo, nacho hufupika bila kupinda.

Bolti na maungio hayana budi kuwa na nguvu kuliko chuma chenyewe. La sivyo yatakatika kwanza.

Mfano. Fremu ina upana wa mita 4 na kimo cha mita 3; mshazari ni mita 5. Ikiwa mshazari mmoja wahimili nguvu yote ya mlalo ya kilonyutoni 8, nguvu ndani yake ni 8 × 5 ÷ 4 = kilonyutoni 10.

Somo hili si la nchi za mbali. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliangusha nyumba nyingi za matofali mkoani Kagera na kuua watu. Ukuta wa matofali hustahimili mgandamizo, lakini ni dhaifu unapovutwa.

Swali. Fremu ina upana wa mita 6 na kimo cha mita 8. Nguvu ya mlalo ni kilonyutoni 12. Tafuta nguvu ndani ya mshazari mmoja unaoihimili yote. (Jibu: kilonyutoni 20.)