Panga, Mundu na Msumeno: Kipi Kifaacho Kupogolea Mkarafuu?



Msimu wa kuchuma ukisha, mkarafuu hubaki na majeraha mengi kuliko mti mwingine wowote wa mashambani kwetu. Vishada vya karafuu hukaa nchani mwa matawi, basi mchumaji sharti apande mpaka juu, avute tawi kwa ngowe, alipinde, na mara nyingine livunjike. Tawi lililovunjika likaachwa lining'inie ni mlango wa maradhi. Na tawi lililokauka likaachwa mtini, msimu ujao atalikanyaga mtu. Kila msimu twasikia fulani kaanguka, na wengi wao hawakuteleza. Tawi ndilo lililowahadaa. Kwa sababu hiyo kupogoa si kazi ya kuupamba mti. Swali la somo letu ni hili: tupogoe kwa chombo gani?

Wengi tutajibu, panga. Panga limo katika kila nyumba, na lafanya kila kazi tangu madafu mpaka ua. Lakini tulitazame lilivyoundwa. Uzito wake uko mbele, na nguvu zake hutoka katika kupigwa. Mwenye kupiga ataka nafasi ya kuinua mkono, ataka miguu iliyosimama imara, na ataka pigo la pili liangukie mahali pa la kwanza. Juu ya mkarafuu hapana hata moja katika hayo. Mkono mmoja umeshika mti, matawi yamesongamana, na mbao ya mkarafuu ni ngumu. Pigo la kwanza hutia alama, la pili huangukia pembeni, la tatu hupasua tawi likachubua gome mpaka kwenye shina. Kinachobaki ni kigutu kilichochanikachanika, kinachoweka maji ya mvua kama kikombe.

Jambo hili la kupiga na kuvuta lilijulikana zamani sana. Karibu miaka 2000 iliyopita mtu mmoja wa Cádiz, mji wa pwani ya Hispania, jina lake Columella, aliandika kwa Kilatini kitabu kirefu cha ukulima. Humo alikieleza kisu cha kupogolea mizabibu, chenye sehemu sita, na kila sehemu na jina lake na kazi yake. Karibu na mpini makali yalinyooka, ya kukata kwa kusukuma. Kisha yalipinda, ya kukata kwa kuvuta. Mbele ya hapo palikuwa pa kusawazishia, kisha mdomo kama wa ndege wa kuchokolea, na ncha ya kuingia mahali pembamba. Na mgongoni kilikuwa na kishoka kidogo mfano wa nusu ya mwezi. Pamoja na kuwa na kishoka hicho, Columella aliwausia wakulima wavute zaidi kuliko kupiga, kwa sababu jeraha la kuvuta hutoka laini kwa mara moja, na anayepiga hukosea akarudia.

Mzabibu ni mwembamba, na mkarafuu si mzabibu, kwa hiyo hatuna haja ya kufua kisu kile. Lakini kanuni yake ni ile ile. Mundu wetu ni ndugu wa kisu hicho. Kwa vichipukizi na kwa mimea itambaayo juu ya mti hufanya kazi njema, maadamu umenolewa. Kwa tawi la unene wa kidole gumba mundu huanza kushindwa.

Hapo ndipo pa makasi ya kupogolea. Mfaransa Bertrand de Molleville, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya bahari wa mfalme Louis wa 16, hutajwa kuwa ndiye aliyeyabuni, mwaka 1815. Leo madukani yako ya namna mbili, na muuzaji mara nyingi hatakwambia tofauti. Namna ya kwanza ina ulimi mmoja wenye makali unaopita ubavuni mwa ulimi mwingine uliopinda kama ndoana. Namna ya pili ina ulimi wenye makali unaoshukia juu ya kipande bapa, kama kisu juu ya ubao wa jikoni. Hii ya pili huponda gome la tawi bichi. Iwekeni kwa matawi makavu tu. Nunueni ya kwanza. Na mnapokata, ulimi wenye makali uelekee upande wa shina, na ndoana ielekee upande wa kipande kinachotupwa, maana ndoana nayo huponda kidogo, na yafaa iponde kile kisichotakiwa.

Tawi likizidi unene huo, chombo chake ni msumeno, wala si msumeno wa seremala. Msumeno wa seremala wa kwetu hukata unaposukumwa. Bati linalosukumwa hupenda kujikunja, kwa hiyo fundi hulifanya pana na nene. Aliye juu ya mti akisukuma, hujisukuma na yeye mwenyewe kutoka mtini. Tena meno yake ni madogo, yamekusudiwa mbao kavu. Katika tawi bichi huziba unga wenye maji, na bati likakwama.

Msumeno wa kupogolea umegeuzwa. Meno yake yanatazama mpini, basi hukata unapovutwa. Kitu kinachovutwa hunyooka chenyewe, kama kamba, kwa hiyo bati laweza kuwa jembamba. Limepinda kama mundu, ili kila unapovuta meno yajikaze yenyewe kwenye tawi bila ya wewe kukandamiza. Meno ni makubwa, sita au saba katika inchi moja, na kati yake pana nafasi ya kutoa unga. Mpini nao utazameni. Ulio mviringo kabisa hugeuka mkononi; ulio bapa kidogo huujulisha mkono makali yanaelekea wapi hata kama jicho halioni. Na mwishoni uwe na kinundu au kipindo, mkono wenye jasho usichomoke. Mpini wa namna hiyo fundi yeyote aweza kuuchonga kwa mti mgumu kama mpera. Msumeno huo ukifungwa juu ya upondo hufikia matawi ya mbali. Mwenye kuutumia tu asisimame chini ya tawi analolikata.

Chombo kizuri hakitasaidia ikiwa mahali pa kukata pamekosewa. Zamani wataalamu wengi walifundisha tawi likatwe sawasawa na shina, kisha jeraha lipakwe lami. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kuchungua ndani yake, alionyesha katika miaka ya 1970 na 1980 kwamba mti hauponi kama mwili wa mtu. Huzungushia jeraha kuta na kuufungia uozo ndani. Kuta hizo huanzia penye uvimbe ule ulioko mwanzo wa tawi, mfano wa ukosi wa kanzu. Kateni nje kidogo ya ukosi, msiukate wenyewe wala msiache kigutu. Lami haina faida. Tawi zito likateni mara tatu: kwanza kwa chini, shibiri moja kutoka shinani, lisizidi theluthi ya unene, kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, mpaka lianguke bila kuchuna gome, mwisho kipande kilichobaki, penye ukosi.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Katika miaka ya 1950 wataalamu F. J. Nutman na F. M. Roberts, waliochungua maradhi ya mikarafuu ya Zanzibar, walieleza kuvu iingiayo kwa majeraha na kukausha matawi kutoka juu kuja chini. Mkikata tawi la namna hiyo mtaona mbao ina rangi ya kahawia nyekundu. Shukeni chini mpaka mkute mbao safi, ndipo mkate. Matawi hayo yachomwe moto, yasigeuzwe ua. Pogoeni siku kavu, na kabla ya kwenda mti wa pili futeni meno kwa kitambaa chenye spiriti.

Msumeno huu haunoleki kwa jiwe la panga. Wataka tupa nyembamba na subira, na mwenye nao asiuazime kwa kukatia mapao ya paa, kwani msumari mmoja watosha kuumaliza. Kwa kuwa bei yake si ndogo kwa mkulima mmoja, kamati imekusudia kuuliza katika mkutano ujao kama kila tawi la jumuiya linunue mmoja wa shirika, pamoja na makasi na tupa yake, na ukae kwa nani. Kabla ya hapo, mmoja wa kuutazama uko ofisini. Atakaye kuujaribu aje Jumamosi asubuhi, na aje na kipande chake cha tawi bichi.