Ayubu Aliuliza, Nasi Tuulize



Wiki iliyopita mtoto mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, kama Mungu ni mwema, mbona babu aliteseka vile mpaka akafa?" Nilikosa jibu. Mimi ni muuguzi, na swali hilo nalisikia sana wodini. Kwetu matangani tunasema, "Kazi ya Mungu haina makosa," na mazungumzo yanaishia hapo. Leo tuone Wayahudi wamelifikiriaje. Ni majirani zetu. Wengi wanaishi St. Louis Park, mji unaopakana na Hopkins yetu.

Tuanze na Ayubu, ambaye Wakristo na Waislamu pia wanamjua. Alipoteza mali, watoto na afya. Rafiki zake watatu walikuja wakaketi naye chini siku saba, kimya. Hapo walifanya vyema. Walipoanza kusema, wakaharibu: walimwambia kwamba bila shaka ametenda dhambi. Ayubu alikataa, akamtaka Mungu mwenyewe amjibu. Mwishoni Mungu aliwakemea wale rafiki, akasema Ayubu ndiye aliyenena sawa. Ndiyo maana kwa Wayahudi wengi kumuuliza Mungu si kukufuru. Msiba wao hukaliwa siku saba, na desturi yao ni mgeni asianze kuongea kabla ya mfiwa.

Sasa tumjue Musa bin Maimun, mwanafalsafa na tabibu wa Kiyahudi. Alizaliwa Cordoba, Hispania, akafia Misri mwaka 1204. Familia yake ilikimbia kwao kwa sababu ya dini, kama baadhi yetu tulivyokimbia vita. Ndugu yake Daudi, mfanyabiashara aliyekuwa akiwalisha wote, alizama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii ya Mombasa na Zanzibar. Musa aliugua kwa huzuni karibu mwaka mzima. Baadaye, katika kitabu alichoandika kwa Kiarabu, alisema kwamba Ayubu anasifiwa kwa wema, lakini hasifiwi kwa hekima. Ayubu alidhani heri ni afya, mali na watoto. Mateso yakamfundisha kwamba heri kubwa ni kumjua Mungu. Si lazima mkubaliane naye. Ila kumbukeni kwamba aliyesema hayo alikuwa amefiwa.

Je, taifa zima likiteswa? Hapo twende Mbale, Uganda. Mwaka 1919 kiongozi wa Kiganda, Semei Kakungulu, alishika dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Wanaitwa Abayudaya. Idi Amin, aliyetawala kuanzia 1971 hadi 1979, aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache wakasali kwa siri. Amin alipoondoka, hao wachache wakaanza upya. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi hapa Marekani, akahitimu mwaka 2008, akarudi kwao. Mwaka 2016 wananchi walimchagua kuwa mbunge. Ni Myahudi na ni Mganda. Watoto, mkiambiwa mchague kati ya Umarekani na Uswahili wenu, mkumbukeni.

Na wewe uliyeniuliza kuhusu babu: bado sina jibu. Nitakaa nawe kwanza, kama wale rafiki katika siku zile saba. Ukiwa tayari kuongea, nitakusikiliza.

Msamiati
Mfiwa: mtu aliyeondokewa na ndugu au jamaa yake.
Kukufuru: kusema au kutenda jambo la kumdharau Mungu.
Tabibu: daktari, mganga wa wagonjwa.
Heri: baraka, hali njema.

Kazi ya nyumbani
1. Rafiki za Ayubu walikosea wapi?
2. Muulize mzazi au bibi, kwa Kiswahili: "Wakati wa shida, nini kilikupa nguvu?" Andika sentensi tano.

Wazazi, msiharakishe kumjibu mtoto. Na mkikosa la kusema, mwambieni hivyo.