Moto wa Jikoni na Joto la Lundo la Mboji

Msomaji, leo usiku fanya jaribio dogo mbele ya watoto. Washa kipande cha mshumaa, ukisimamishe mezani, kisha ukifunike kwa gilasi. Mwali utafifia, halafu utazimika, na nta ingali tele. Mwulize mtoto: chakula cha moto kipo, mbona moto umekufa? Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo, na swali hili sijapata kuchoka kuliuliza.

Moto umekufa kwa kukosa hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, 78 ni naitrojeni na 21 hivi ni oksijeni, na hiyo oksijeni ndiyo moto unayoitaka. Kuni, mabua na makaa yana kaboni nyingi ndani yake. Kuungua maana yake ni kaboni kushikana na oksijeni, na katika kushikana huko joto hutoka. Kilo 12 za kaboni hushika kilo 32 za oksijeni, zikawa kilo 44 za hewa ya ukaa, ambayo macho hayaioni. Ndiyo sababu mzigo wa kuni uliomvunja mama mgongo hubakia jivu la kujaza bakuli tu. Sehemu kubwa imekwenda juu angani.

Lakini moto ukipewa hewa haba haufi mara moja. Kaboni hupata nusu tu ya oksijeni iitakayo, kilo 16 badala ya 32, na kitokacho huitwa kaboni monoksaidi. Hii ni sumu. Haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho kama moshi. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu huzunguka mwilini bila kubeba hewa ya uhai. Wakati wa baridi ya mwezi wa saba kule Kinangop na Ol Kalou, wako watu waingizao jiko la makaa chumbani, wakaziba dirisha kwa gunia na kulala. Hungoja kwanza moshi uishe na makaa yawe mekundu, wakidhani hatari imekwisha. Sivyo hata kidogo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa sumu hii kwa wingi. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu humlegea. Aliyelala hapati hata dalili ya kumwamsha. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi, umpeleke hospitali upesi, hata kama amezinduka. Na jiko lilale nje, kila usiku.

Sasa twende shambani, maana habari ni ile ile. Katika miaka ya 1780 Mfaransa mmoja, Lavoisier, alipima joto na pumzi za wanyama wadogo, akaonyesha kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Ugali ulioula jana unaungua ndani yako bila mwali, na ndiyo maana mwili wako una joto. Bakteria na kuvu walio katika lundo la takataka hufanya vivyo hivyo. Hula kaboni ya mabua, huvuta oksijeni, na kutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Lundo lililojengwa vizuri hufikia digrii 55 hadi 65 katika siku chache, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu.

Mkulima mmoja wa Lugari aliniuliza ofisini: "Bwana karani, kama kuoza na kuungua ni kazi moja, kwa nini nisichome mabua nikapumzika?" Swali lake ni la haki. Jibu ni naitrojeni. Hiyo ndiyo inayolipa jani la mhindi rangi yake ya kijani kibichi, na moto huirusha karibu yote pamoja na moshi. Jivu hubaki na potasiamu, kalsiamu na fosforasi, lakini naitrojeni hamna. Katika lundo, wale wadudu wasioonekana huishika sehemu kubwa ya naitrojeni katika miili yao, nao wakifa hubaki mbolea. (Jivu lako tia shambani penyewe, ukilichanganya na samadi mbichi huifukuza naitrojeni kama ile harufu kali inayochoma pua.)

Wadudu hao hutaka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mabua makavu yana kama 60 kwa moja, samadi kama 20 kwa moja. Kwa hiyo katakata mabua, uyapange kwa tabaka pamoja na samadi na majani mabichi, hadi lundo lifike futi 4 au 5 kwenda juu na upana kama huo. Nyunyiza maji. Ukikamua konzi moja, mkono ulowe lakini maji yasichuruzike.

Lundo langu la kwanza nililishindilia kwa miguu kama mtu anayejenga sakafu, nikidhani litaoza upesi. Likanuka hata jirani akaja kuuliza ni mnyama gani amekufa. Nilikuwa nimelifunika gilasi ule mshumaa! Usishindilie. Chomeka fimbo ndefu katikati, uitoe kila baada ya siku chache na kuishika. Ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi. Ikianza kupoa, baada ya wiki 2 au 3, geuza lundo zima ili hewa iingie, ya nje yaende ndani. Joto litarudi.

Lundo la Desemba likigeuzwa mara tatu hivi huwa tayari kwa mvua ya Machi: jeusi, laini, lenye harufu ya udongo, na fimbo hutoka baridi. Tia konzi mbili katika kila shimo la mahindi, uchanganye na udongo kabla ya kuweka mbegu.